Tundu Chini ya Kikoromeo

Sajenti Likwata alifika hospitalini Lindi saa mbili asubuhi ya Jumatano, daftari la upelelezi kwapani, na ndani ya daftari karatasi moja kutoka kituo kidogo cha polisi cha Mingoyo. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa haraka. Ilisema kwamba jana yake mchana, Valentini Mkoma, miaka thelathini na sita, mnunuzi wa korosho wa kampuni binafsi, alikutwa amelala nyuma ya kilabu cha uraka, pombe ya mabibo, akiwa amechomwa kooni kwa kitu chenye ncha kali. Mtuhumiwa alikuwa Sipriani Nantanga, mshona magunia wa chama cha ushirika, naye amekwisha kamatwa. Kielelezo kilikuwa shazia moja ya kushonea magunia.

Alhamisi asubuhi Sipriani alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua. Kama Valentini angekata roho kabla ya hapo, neno "kujaribu" lingefutwa.

Daktari Theresia alimpokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu kwa kukesha.

"Anaweza kutoa maelezo?" Likwata aliuliza.

"Bado. Njoo umwone mwenyewe."

Valentini alikuwa ameegemezwa kwenye mito, nusu amekaa. Midomo yake ilikuwa imevimba hata mmoja ulikuwa umeubetua mwingine, na macho yalibaki mistari miwili. Katikati ya shingo ulitokeza mrija mwembamba wa plastiki, mnene kidogo kuliko mrija wa kalamu, umefungwa kwa utepe uliozunguka shingo. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka humo kwa mlio mdogo.

"Huo mrija umeuweka wewe?"

"Mimi. Jana, saa tisa kasoro."

"Kwenye jeraha?"

"Weka kidole kwenye kikoromeo chako," daktari alisema. Likwata akatii. "Sasa shuka polepole. Kuna mahali kidole kinazama kidogo, kabla hujagusa duara jingine gumu."

"Nimepapata."

"Hapo, kati ya ngozi na njia ya hewa, pana utando tu. Mishipa mikubwa iko pembeni. Mgonjwa akivimba huku juu, hewa haipiti puani wala mdomoni, unamtoboa hapo apumue. Zamani tulikuwa tunachana koo kwa kisu, damu inatapakaa. Siku hizi ipo njia ndogo. Unaingiza sindano nene, ndani ya sindano unapitisha waya mwembamba, unachomoa sindano, halafu unatelezesha mrija juu ya waya. Huo mrija nilipewa kwenye mafunzo Dar es Salaam. Ulikuwa mmoja tu, nimeutunza miezi minane."

"Na tundu la mtuhumiwa lilikuwa wapi?"

Daktari Theresia alikunja mikono kifuani. "Hapo hapo. Nilipopapasa nitafute mahali, nikakuta pametobolewa tayari. Tundu la duara, dogo kama punje ya mtama, katikati kabisa. Nimepitisha waya wangu humo humo."

Likwata aliandika, akachora shingo na nukta moja. "Tundu ndilo lililomvimbisha?"

"Hapana. Ulimi, midomo na koo la juu ndivyo vilivyovimba. Pale penye tundu na chini yake pako salama. Kwa nini amevimba, sijajua. Jana nilikuwa nashughulika apumue."

Sajenti aliinama karibu na mgonjwa. Kuzunguka mrija, ngozi ilikuwa na doa pana la kahawia, kingo zake zimenyooka kama zilizopakwa.

"Hii ni damu iliyokauka?"

"Ayodini. Dawa ya kusafishia ngozi."

"Mlimpaka nyinyi."

Daktari alimgeukia muuguzi aliyekuwa akikunja shuka kitanda cha pili. "Tekla, jana ulimpaka ayodini?"

"Ayodini imekwisha tangu wiki iliyopita, daktari," Tekla alijibu. "Jana tulimsafisha kwa spiriti. Lile doa alikuja nalo."

Likwata aliandika neno "ayodini" na kulipigia mstari chini.

"Daktari," alisema akifunga daftari, "mimi nimekamata watu wengi waliochoma wenzao. Sijapata kumkamata aliyempaka mtu dawa kwanza."

*

Kutoka Lindi hadi Mingoyo aliendesha pikipiki ya kituo. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne, msimu wa korosho umepamba moto. Njia panda ya Mingoyo ilikuwa imejaa mizani. Zamani mkulima alipeleka korosho zake kwenye ghala la chama basi. Sasa kampuni zilikuwa zimeruhusiwa, na kila gari lililoegeshwa lilikuwa na mzani wake na mtu wake wa kuita wateja.

Sipriani alitolewa mahabusu. Alikuwa kijana mrefu, viganja vimejaa sugu, shati limechanika begani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Jana asubuhi ulimwambia nini Valentini mbele ya watu?"

"Nilimwambia nitamtoboa koo."

Koplo wa zamu alikohoa kwa kuridhika.

"Kwa nini?"

"Alileta gari lake mpaka mlangoni mwa ghala letu. Anawaita wakulima walio kwenye foleni yetu, anawaambia chama kimekufa. Nikapandwa na hasira."

"Mkononi ulikuwa na nini?"

"Shazia. Ndiyo kazi yangu, afande. Kama ningekuwa fundi seremala ningesema nitamkata msumeno."

"Mchana ulipita nyuma ya kilabu?"

"Nilipita, nakwenda kula nyumbani. Nilimwona amekaa peke yake, anakunywa. Sikumsemesha wala hakunisemesha. Mama Justa, mwenye kilabu, aliniona napita, ndiyo maana niko hapa."

Likwata aliomba kielelezo. Koplo akaleta shazia ndani ya bahasha. Ilikuwa ndefu kama kiganja, imepinda kidogo, na ncha yake ilikuwa bapa, si ya mviringo. Sajenti aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na nyuzi za katani kwenye tundu lake na vumbi la magunia. Akamtuma koplo sokoni alete papai bichi.

"Papai, afande?"

"Bichi. Lenye ngozi ngumu."

Papai lilipoletwa alilikita mezani na kulichoma mara tatu, mara ya kwanza polepole, ya pili kwa nguvu, ya tatu kwa mshazari. Kila mara ilibaki alama ile ile, ufa mwembamba mrefu kama punje ya mchele. Aliweka mchoro wake wa hospitalini kando ya papai.

"Daktari aliona duara," alimwambia koplo. "Hii haitoboi duara hata ukiibembeleza."

"Basi alitumia kitu kingine."

"Huenda. Mrudishe ndani, mpe na chakula. Halafu unionyeshe hicho kilabu."

*

Kilabu cha Mama Justa kilikuwa banda la makuti na uwanja nyuma yake. Harufu ya mabibo yaliyokamuliwa ilianza kusikika tangu barabarani. Mama Justa, mwanamke mnene wa makamo mwenye chale za kimakonde usoni, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, hana wateja.

"Tangu jana hawaji," alisema. "Wanasema uraka wangu una damu ya mtu."

"Nieleze ulivyomkuta."

"Nilikwenda kuchukua mabibo kwa jirani. Niliporudi nikamkuta chini, pale penye benchi. Anakoroma kwa mlio mbaya. Shingoni tone la damu. Nikapiga kelele, watu wakaja, tukamtia kwenye pikapu."

"Tone moja?"

"Tone tu. Kuku nikimchinja anatoa zaidi."

"Alikuwa amelalaje?"

Mama Justa alinyanyuka, akachukua gunia lililokunjwa mara nne kutoka pembeni ya ukuta na kulitupa chini. "Chali. Na hili gunia likiwa chini yake."

"Chini ya kichwa?"

"Hapana. Huku." Alijipiga mabegani. "Kichwa kilikuwa kimeangukia nyuma, shingo imetokeza juu. Mimi mwenyewe nilishangaa. Mtu akimlaza mwenzake humwekea kitu kichwani."

Likwata alilala chali juu ya gunia lile, mabega juu yake, koplo akimtazama. Kichwa kilianguka nyuma chenyewe na kikoromeo kikatokeza. Akaweka kidole pale pa kuzama. Palikuwa wazi zaidi kuliko alipokuwa amesimama. Aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Kopo alilokuwa akinywea liko wapi?"

"Sijaligusa. Koplo alinikataza kugusa chochote."

"Umefanya vizuri, koplo," Likwata alisema, na koplo akanyoosha mgongo.

Kopo la plastiki la bluu lilikuwa chini ya benchi, machicha yamekaukia ndani. Nyuki wawili walikuwa wamekufa humo. Sajenti aliwatoa kwa kijiti na kuwalaza juu ya karatasi. Mmoja alikuwa mzima. Wa pili mwisho wa tumbo lake ulikuwa umenyofoka.

"Wanapenda mabibo," Mama Justa alisema haraka. "Mimi huwa nachuja. Lakini kopo likikaa wazi wanaingia tu."

"Nyuki akichoma huacha mwiba, na utumbo wake unatoka nao. Huyu alichoma kabla ya kufa." Likwata aliikunja karatasi. "Kama aliingia mdomoni na uraka kisha akatemwa koponi, unadhani alichoma wapi?"

Mama Justa alijishika koo.

Walipekua uwanja kwa nusu saa, koplo akianzia kwenye ua na sajenti kwenye benchi. Koplo ndiye aliyekiona, kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha, kimechongoka upande mmoja, wazi upande wa pili. Likwata alikitambua. Ilikuwa ncha ya kichupa cha dawa ya sindano, ile inayovunjwa kabla ya dawa kuvutwa.

"Hapa Mingoyo nani anachoma sindano?"

"Zahanati haina dawa," Mama Justa alisema, akiangalia pembeni.

"Sikuuliza zahanati."

Alisita. "Kuna duka la dawa la Bi Zakia, hapo nyuma. Anaruhusiwa vidonge tu. Lakini mtoto akizidiwa usiku, afande, tutampeleka wapi? Alikuwa nesi wa Serikali, wakampunguza kazini mwaka jana. Valentini alimshtaki kwa bwana afya mwezi wa nane, wakamfungia wiki tatu. Tangu hapo hawasalimiani."

Koplo alimkamata sajenti mkono walipofika kando. "Afande, ndiye! Sindano anazo, chuki anayo, na mlango wake uko hatua hamsini."

"Anavyo vyote hivyo," Likwata alikubali. "Wewe nisubiri hapa."

*

Duka lilikuwa chumba kimoja. Rafu zilikuwa na panado, aspirini, klorokwini na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Bi Zakia alikuwa amekaa nyuma ya meza, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mbili, mtandio mweupe kichwani, mikono ya gauni imeshushwa hadi viganjani licha ya joto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nina swali la koo." Likwata alijiwekea kidole shingoni, juu ya kikoromeo, karibu na kidevu. "Mtu akishindwa kupumua kabisa, anatobolewa hapa, au siyo?"

"Hapo utamwua," Bi Zakia alisema. "Shuka chini ya kik..."

Likwata hakuondoa kidole. Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya korosho kwa kipaza sauti.

"Chini ya kikoromeo," sajenti alimalizia. "Na kabla ya hapo unaweka gunia chini ya mabega, unasafisha ngozi kwa ayodini. Naomba nione mkono wako wa kulia, mama."

Alipandisha mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na mikwaruzo minne ya kucha, bado mibichi.

"Nimekaa chumba cha upasuaji miaka ishirini na miwili," alisema polepole. "Nilipoanza kazi tuliletewa mtoto kutoka Kiswere, ana dondakoo. Daktari alikuwa safari. Mimi nilijua pa kutoboa, nimemwona akifanya mara nyingi, lakini sikuwa na ruhusa. Nikasimama na kisahani changu mpaka mtoto akanyamaza. Mama yake alinishukuru, afande. Alidhani nimejitahidi."

"Na jana?"

"Nilikuwa napita kwenda kuswali adhuhuri. Nikasikia mtu anavuta pumzi haziji. Nikamkuta amejishika shingo, ulimi umejaa mdomo. Nilikimbia dukani nikarudi. Nilimchoma adrenalini ya kushusha uvimbe pajani, lakini dawa inataka dakika, naye hakuwa na dakika. Kucha zilikuwa zimegeuka bluu. Nilikuwa na sindano moja nene, ya kutolea damu watu wanaochangia. Nikamtoboa. Hewa ikaingia, fyuu. Nikaishikilia ile sindano mpaka adrenalini ikafanya kazi, akaanza kuvuta kidogo kwa mdomo. Ndipo nikasikia Mama Justa anarudi anaimba. Nikaichomoa, nikatoka kwa nyuma."

"Basi alivimba tena njiani; daktari alimkuta hapumui."

"Huwa inarudi. Nilipaswa kukaa naye." Alisema hivyo bila kutafuta huruma.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Kijiji kizima kinajua mimi na yeye. Nakutwa na sindano mkononi, yeye ana tundu kooni. Wewe ungeamini nini?"

"Na Sipriani?"

Bi Zakia alitazama meza. "Nilisikia jioni kwamba amekamatwa. Nikasema asubuhi nitakwenda polisi. Asubuhi nikafungua duka."

Likwata alitoa kalamu. "Nitaandika yote, mama. Sindano, adrenalini, na kwamba huna kibali cha kuwa navyo. Siwezi kuandika nusu."

"Andika."

"Bwana afya atasoma. Hatafunga wiki tatu tu safari hii."

"Najua anavyofunga."

Alieleza, sajenti akaandika, kurasa nne. Aliposaini alinyanyuka, akazima redio ndogo kwenye rafu, akatoka nje na kulifunga duka kwa kufuli yeye mwenyewe. Ufunguo akauweka mkononi mwa Likwata.

*

Lakini maelezo ya mtu mmoja anayejitetea hayatoshi. Mwendesha mashtaka alimwambia Likwata hivyo jioni ile ile: nyuki na kipande cha kioo havimwachii mtu aliyetishia mbele ya mashahidi kumi na wawili. "Niletee mgonjwa," alisema. "Kesho kabla ya saa tatu."

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka. Daktari Theresia alimmulika Valentini mdomoni kwa tochi, akamwonyesha sajenti doa jeusi lenye pete nyekundu kwenye shina la ulimi. Kisha akaziba mdomo wa mrija kwa kifuniko kidogo.

"Hewa sasa itapita juu. Sema, lakini polepole."

Sauti ya Valentini ilitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Kitu kiliniuma. Nilikuwa nameza."

"Sipriani alikuwepo?"

"Alipita. Alishakwenda zake." Alipumzika. "Hakunigusa."

Likwata aliandika neno kwa neno. Koplo, aliyesimama mlangoni, alijikuna kisogo.

"Nani aliyekutoboa?"

Valentini alifumba macho. Muuguzi Tekla alisogea, akidhani amechoka, lakini alikuwa akitafuta maneno.

"Zakia. Nilimwona na ile sindano. Nikajua amekuja kunimaliza. Nikamshika mkono, nikamparura. Nguvu zikaniishia." Alikohoa, daktari akamfungulia kifuniko, akavuta hewa mara tatu, akafungwa tena. "Aliniambia, tulia we shetani, ukipona utanishtaki tena."

Daktari Theresia aligeukia dirishani kuficha kicheko.

"Unataka nimshtaki?" Likwata aliuliza.

"Yuko wapi?"

"Nje, kwenye benchi. Tangu alfajiri."

Valentini aliomba kalamu, akasaini maelezo yake kwa herufi zilizoyumba. Koplo akayachukua na kuondoka na pikipiki. Saa nne kasoro robo simu ililia ofisini mwa matroni: mashtaka yameondolewa, Sipriani ametoka mahakamani na mkewe Cecilia, wameshika njia ya Mingoyo kwa miguu bila kungoja gari.

Valentini alipoambiwa, alimwashiria Likwata amwite Zakia, na Likwata akaenda kwenye benchi. Daktari Theresia alikuwa amekwisha kumtangulia, amekaa kando ya Bi Zakia, anamuuliza unene wa sindano na kina alichoingiza, na Bi Zakia anamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Anakuita," sajenti alisema.

Aliingia wodini akiwa ameshika mtandio wake kidevuni. Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuza vichwa. Valentini alijiinua kwenye mito, akapapasa mrija na kuuziba kwa kidole chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Bi Zakia hakumwitikia. Alikuwa anatazama utepe ulioshika mrija. Upande mmoja ulikuwa umelegea usiku, na mrija umeinama kushoto. Akauondoa mkono wa Valentini taratibu, akafungua fundo, akaunyoosha mrija ukakaa katikati, akafunga upya, akapitisha kidole kati ya utepe na shingo kuona kama haubani. Kisha aliinamisha sikio na kusikiliza, hewa ikiingia, hewa ikitoka.

"Marahaba," alisema.